Kizamani si zamani

Fundi cherehani mmoja wa Dodoma, mwenye kibaraza chake karibu na Soko la Majengo, ana siri ambayo wateja wake wengi hawaijui. Ukimpelekea suruali ya mguu mpana aipunguze, ataipunguza. Ataigeuza nje ndani, ataichora mstari wa chaki, atapitisha cherehani mara mbili. Ila mkasi hatagusa. Kitambaa kinachozidi hukilaza kwa ndani, pande zote mbili za mshono, akakipigia pasi ya mkaa mpaka kikatulia. Ukiivaa huwezi kujua kwamba ndani ya mguu wa suruali yako umefichwa mguu mwingine, mpana kuliko huo.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri kifungo cha koti, akafika mama mmoja na mwanawe wa kiume, kijana wa chuo. Mkononi mama alikuwa na suruali ya tetroni ya rangi ya maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Ahsante. Hii ni ya baba yao, haimtoshi tena. Naomba uipunguze miguu huyu aivalie. Ilivyo hivi ni ya kizamani mno, watamcheka."

Kijana akaidaka suruali kabla haijafika mezani. "Mama, jamani, usiipunguze! Bwanga ndiyo inayovaliwa sasa hivi."

"Bwanga gani? Baba yako alivaa hiyo kabla hujazaliwa."

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

Mzee alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mwanangu," alimwambia mama, "mimi hizi nimeshazipunguza, nikazirudisha upana, nikazipunguza tena. Ndiyo maana sikati."

Waliondoka na suruali kama ilivyokuja. Mimi nilibaki na neno. Mama na mwanawe walikuwa wameshika kitambaa kimoja, mmoja akaona ni cha kizamani, mwingine akaona ni cha leo. Neno gani hilo linalobadilika kwa kuangaliwa tu?

Neno lenyewe kazini

Kwa asili ya kazi yake, "kizamani" ni kielezi. Kinaeleza namna: anavaa kizamani, anaandika kizamani, wameoana kizamani. Kiambishi "ki-" kimebeba mzigo wote wa "kwa namna ya", ndiyo maana anayesema "amevaa kwa kizamani" ni kama mtu aliyevaa kofia mbili. Ndugu zake ni wengi: kitoto, kiume, kijeshi, kisomi, kizungu, na pacha wake asiyepatana naye, kisasa. Hapa Dodoma yupo hata Kigogo, na mgeni anatakiwa awe makini, maana tangu serikali ihamie huku, "kigogo" wa herufi ndogo ni mkubwa wa ofisini, na Kigogo cha herufi kubwa ni lugha ya wenyeji waliomkaribisha.

Kielezi hiki kikiongezewa "-a" ya uhusiano kinageuka kuwa sifa: suruali ya kizamani, mawazo ya kizamani, mtu wa kizamani. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, wakakichanganya na "zamani" tupu. Waziri wa zamani ni yule aliyewahi kuwa waziri, sasa hayumo. Waziri wa kizamani yumo, tena huenda yumo sana, ila anaendesha mambo kama yalivyoendeshwa enzi za kaboni na taipureta. Mchumba wa zamani mmeshaachana. Mchumba wa kizamani hamjaachana, ila anadai kwanza aje mshenga na barua ya posa. Zamani hutaja wakati, na wakati una tarehe. Kizamani hutaja namna, na namna haina tarehe: suruali iliyoshonwa jana inaweza kuwa ya kizamani, na ya mwaka 1975 ikawa kwenye fasheni asubuhi hii, kama kijana wa chuo alivyomfahamisha mama yake.

Waingereza wakitaka kusema kwamba mtu amevaa isivyo kifasheni, huchukua neno lenyewe la fasheni wakalikanusha. Kiswahili hakikanushi. Kinakuonyesha uliko: umebaki nyuma ya wakati. Marehemu John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza namna Waafrika wanavyouhesabu wakati. Kwake, zamani si kaburi tu. Ni ghala pia, ambamo kila sasa huingia ikiisha kutendeka. Wanafalsafa wamebishana naye kwa miaka mingi, lakini fundi wa Majengo hana ugomvi naye: yeye ghala lake liko ndani ya mshono.

Kizamani na kishamba

Kuna njia ya pili ya kumwambia mtu kwamba hayumo kwenye mtindo, nayo haitumii saa, inatumia ramani: kishamba. Amevaa kishamba, anacheza kishamba, amepaka rangi nyumba kishamba. Kizamani humtupa mtu mbali kwa muda, kishamba humtupa mbali kwa maili. Katikati anakaa msemaji mwenyewe, mtoto wa mjini, ambaye kila kilicho mbali naye ni kichekesho.

Dodoma imepigwa kwa fimbo zote mbili. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie huku, watu wa Dar es Salaam waliupokea uamuzi huo kwa heshima, na wengi wakabaki walipo. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka huohuo, ikachora mji, ikagawa viwanja, na miaka ikapita. Kwa mtumishi wa Dar, kupelekwa Dodoma kulikuwa ni kupelekwa kwenye vumbi, upepo na maji ya chumvi. Mpaka mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, mzaha ulikuwa uleule wa miaka 40. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa, Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na waliokuwa wakiicheka wakaanza kuulizia bei ya viwanja.

Tangu hapo jiji limetawaliwa na yule pacha wa kizamani, kisasa. Stendi ya kisasa, soko la kisasa, nyumba za kisasa, ufugaji wa kisasa, mbegu za kisasa. Liko hata eneo linaloitwa Kisasa, lenye daladala zake, na mtu anaweza kabisa kuishi Kisasa kizamani. Tarehe 1 Agosti, 2024 ilizinduliwa rasmi reli ambayo wengi tumezoea kuiita reli ya kisasa, na usiku wa siku hiyo ile ya Wajerumani, iliyokuwa ajabu ya dunia ilipofika Kigoma mwaka 1914, ikawa reli ya zamani. Kisasa hudumu kadiri sasa inavyodumu. Hakuna neno la Kiswahili linalozeeka haraka kuliko hilo.

Bandani, hata hivyo, mambo yaligeuka. Watanzania tuna kuku wa kisasa na kuku wa kienyeji. Kienyeji ni namna ya mwenyeji, ya mwenye mji, na kwa miaka mingi kufanya jambo kienyeji kulimaanisha kulifanya bila utaalamu, bila mpango. Mpaka leo mtu akijenga kienyeji tunatikisa kichwa. Lakini agiza kuku wa kienyeji kwenye mgahawa wowote wa Dodoma: atachelewa zaidi, atatafunika kwa shida zaidi, na kwa kawaida bei yake itakuwa juu ya yule wa kisasa. Jogoo wa shamba hawiki mjini, walisema wahenga. Hawiki kweli, ila kwenye orodha ya vyakula amepanda juu ya wenzake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ugali wa uwele na mtama. Mkoa huu hupata mvua kidogo kwa mwaka, na nafaka hizo ndizo zinazostahimili. Hata hivyo, kwa miaka mingi sembe nyeupe ndiyo iliyokuwa ishara ya mtu aliyeendelea, na ugali mweusi wa uwele na mlenda ukawa chakula cha kuchekewa. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele, ulezi na mtama. Leo unga uleule uko dukani kwenye pakiti, umeandikwa "lishe" na "asili". Hakuna aliyeandika "wa kizamani". Tukikidharau kitu ni cha kizamani, tukikiuza ni cha asili.

Vazi mbele ya serikali

Kwenye mavazi, serikali zetu zimekuwa na kigugumizi chake. Mwaka 1967 viongozi waliwashinikiza Wamasai waache lubega na vipodozi vyao vya jadi, wavae suruali kama raia wa taifa jipya. Hiyo ilikuwa vita dhidi ya kizamani. Mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969, kupiga marufuku vimini, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Hiyo ilikuwa vita dhidi ya kisasa. Mmasai akaambiwa yuko nyuma mno, binti wa Kariakoo akaambiwa yuko mbele mno. Mahali penyewe pa kusimama hapakuonyeshwa kwa chaki.

Miaka mingi baadaye, Juni 2021, suruali ilirudi kwenye mjadala hapahapa Dodoma, ndani ya ukumbi wa Bunge, pale mbunge mmoja mwanamke alipoambiwa atoke nje akavae vizuri kwa sababu suruali yake ilionekana kumbana. Nchi nzima ikawa na maoni. Mwezi huohuo akafariki Kenneth Kaunda wa Zambia, mtu ambaye jina lake tumelishona kwenye vazi. Kaunda suti ilikuwa sare ya heshima ya kiongozi wa Kiafrika aliyekataa tai ya mkoloni, kisha ikawa vazi la wazee wa harusini, la kizamani kabisa. Mwaka 2023 Rais William Ruto wa Kenya akaanza kuivaa karibu kila mahali, mafundi wa Nairobi wakapata kazi, na Novemba mwaka huohuo Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku bungeni. Vazi moja limekuwa la kimapinduzi, la kizamani, la kifasheni na la haramu, na mifuko yake minne haijahama hata inchi moja.

Maneno nayo huchuja

Mtaani kuna lugha tamu zaidi ya kusema haya. Nguo iliyofuliwa mno jua likaikausha huchuja, rangi ikatoka. Sasa na msanii huchuja, na mtindo huchuja, na hata mwanasiasa. Nyimbo za enzi za wazee zimeitwa zilipendwa, na nadhani hakuna lugha iliyowahi kutunga jina la upole kama hilo: kitenzi kizima, chenye nafsi, wakati na kutendewa, kimekaa mahali pa nomino, kinakiri kwamba penzi lilikuwepo. Anayetaka kuumiza husema kitu ni cha mwaka 47. Na nguo za mitumba, kabla hatujazoea jina hilo, ziliitwa kafa ulaya. Jina lile lilisema kweli mbili kwa pamoja: mwenye nguo kafa, na msimu wake kule umekufa. Ikifunguliwa belo Jumamosi kwenye mnada wa Msalato, nje kidogo ya jiji, msimu uliokufa unafufuka kati ya harufu ya nyama choma na vumbi la ng'ombe.

Lakini mcheka mitindo naye ana msimu wake. Mwanamume mtanashati aliitwa bitozi, akaja kuitwa brazameni, kisha sharobaro. Ukimwita kijana wa leo sharobaro kwa nia ya kumsifia, atakutazama kama unayeongea kutoka redio ya mbao. Bugaluu na raizoni vilikuwa vya kisasa, sasa hata majina yake yanahitaji mkalimani. Mtu anaweza kumcheka mwenzake kwa kuvaa kizamani, na akamcheka kizamani.

Njia ya kufika kale

Kuna neno la tatu ambalo mama yule hakulitumia, wala hakuna anayelitumia kwa dharau: kale. Kaskazini mwa mkoa huu, Kondoa, katika vilima vya Kolo na jirani zake, iko michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanyama na watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe chini ya miamba iliyoinama, na wenyeji bado huenda kwenye baadhi ya miamba hiyo kutambika. Hujasikia mtu akisema ile ni michoro ya kizamani. Ni ya kale. Serikali yenyewe ina watu wa Mambo ya Kale, haina wa mambo ya kizamani.

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayoniumiza. Kitu hakiruki kutoka kisasa hadi kale. Lazima kipite kwenye bonde la kizamani, na humo bondeni ndimo vingi vinamofia, kwa kutupwa, kuchomwa au kubomolewa, kabla havijafika upande wa pili wa heshima.

Ichukue tembe, nyumba ya Wagogo. Ni fupi, ndefu kwa upande, kuta za miti na udongo, paa bapa la nguzo, fito na udongo juu yake, vyumba vikizunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Aliyeicheka hakuuliza kwa nini paa ni bapa. Kwenye nchi ya mvua kidogo, ya msimu mmoja, paa la kumwaga maji si lazima kama paa la kuanikia mtama. Udongo mnene huzuia joto la mchana na baridi ya usiku wa Juni. Ilipokuja nyumba ya bati, kila aliyepata fedha alihamia humo, na sina wa kumlaumu, kwa sababu tembe huhitaji kukandikwa kila mwaka, tena mvua kubwa ikija huvuja. Ila sasa tunakaa chini ya bati saa nane mchana tukinunua feni, na anayetaka kumwonyesha mwanawe tembe iliyo hai inambidi aulize vijijini.

Muziki ulipata bahati zaidi. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alizipeleka ala za huku, ilimba na zeze, kwenye majukwaa ya Ulaya, akarekodi na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Alifariki mwaka 2003. Wakati ambapo vijana wengi wa kwetu waliiona ilimba kuwa kitu cha babu, wageni walilipa kiingilio kuisikia. Na ile salamu ya "mbukwa" ambayo mtoto wa Kigogo alikuwa akiimeza shuleni asije akachekwa, leo wanasiasa wanaotoka mbali huanza nayo hotuba, "mbukwenyi!", kisha wakasubiri makofi.

Tahadhari kwa msemaji

Sisemi kila cha kizamani kirudi. Ukeketaji ni wa jadi, na hatuutaki. Kutafuta faili kwa siku tatu kwenye kabati la ofisi ni kizamani, na anayetaka kuhifadhi utaratibu huo namtakia subira. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, wakasema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutuchagulia, walituachia methali zote mbili, kila mtu apime.

Ninachoomba ni uangalifu wa matumizi tu. Ukisema "anavaa kizamani", umetoa habari za nguo, na nguo hubadilishwa. Ukisema "yule ni wa kizamani", umemhukumu mtu mzima kwa upana wa mguu wa suruali yake. Kabla ya hapo jiulize kama unakusudia kwamba jambo lina kasoro, na kama lina kasoro itaje kwa jina lake: ni la hatari, ni ghali, linachelewesha, linaumiza. Kama huwezi kuitaja, basi ulilonalo ni jicho lako tu, nalo litachuja.

Kifungo changu kilikamilika jioni. Nilimuuliza mzee kama kuna mteja aliyewahi kumlaumu kwa kutokata kitambaa. Akasema wapo, hulalamika kwamba mshono ni mzito. Kisha hurudi baada ya miaka wakamwomba aufumue.